Kila Aliyemo Nyumbani na Rafu Yake



Wapenzi wasomaji, akina mama na mabinti, pamoja na akina baba mnaotusoma kando yao, juma hili twaingia chumbani na kulifungua kabati la nguo. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya yale ya ndoa na malezi tuyazungumzayo mara kwa mara. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mji wetu yupo mtu ambaye nguo zake hazina pa kukaa. Huenda ni mama mzee aliyehamia kutoka shamba, na mkoba wake ungali chini ya kitanda. Huenda ni binti anayekua, ambaye sare zake hutundikwa msumarini nyuma ya mlango. Huenda ni mpwa aliyeletwa kusoma mjini, na huu ni mwaka wa pili anaishi kwa begi. Hakuna aliyekusudia kuwanyima nafasi. Kabati lilipangwa siku wenye nyumba walipooana, na tangu siku hiyo halikupangwa tena.

Watu wengi wakifikia hapo hununua kabati jingine. Chumba huzidi kubana, fedha hutoka, na baada ya miaka mitatu shida hurudi pale pale. Sisi twapendekeza njia nyingine: kabati la vipande, na pamoja nalo mazoea ya kulipanga upya kila nyumba inapobadilika.

Tusemapo kabati la vipande twakusudia lile lililoundwa kwa masanduku kadhaa yasimamayo bega kwa bega, ambayo rafu zake, saraka zake na mabomba yake ya kutundikia huweza kupandishwa, kushushwa au kuhamishiwa sanduku jingine bila kukata ubao. Alama yake ni safu za matundu madogo katika mbavu za ndani. Katika makabati mengi ya kiwandani matundu hayo yana upana wa milimita 5, na kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha linalofuata ni milimita 32, kipimo kilichozoeleka katika viwanda vya Ulaya. Maana yake ni kwamba rafu yaweza kupanda au kushuka kwa hatua za sentimita 3 na kidogo.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka zilizojengwa ukutani kwa chokaa, na humo vyombo vizuri vilipangwa vikaonekana. Zidaka hazihamishiki, zilijengwa kwa ajili ya nyumba na zikabaki na nyumba. Pamoja nazo palikuwa na kasha, sanduku la mti mgumu lililopambwa kwa shaba, ambalo liliweza kwenda na mwenyewe popote aendapo. Kabati la vipande lachukua kidogo kwa kila mmoja: husimama ukutani kama sehemu ya nyumba, lakini siku ya kuhama au ya kugawana huweza kutengana.

Pimeni nguo kabla ya kupima chumba

Kosa la kawaida ni kupima ukuta, kununua kabati la kuujaza, kisha kuzilazimisha nguo ziingie. Anzeni na nguo zenyewe. Abaya huuzwa kwa inchi: 52, 54, 56 na kuendelea. Ile ya inchi 54 ni sentimita 137. Ukiongeza henga, na nafasi ya kuzuia pindo lisiburure, utahitaji sentimita 150 kutoka kwenye bomba hadi chini. Kanzu ya mwanamume mrefu huomba hata 160. Mashati, blauzi na sketi fupi hutosheka na sentimita 95 au 100. Leso hazitundikwi, hukunjwa pea kwa pea na kulazwa juu ya rafu, na nafasi ya sentimita 30 baina ya rafu na rafu yatosha. Mkirundika zaidi ya hapo, ile ya chini haitatoka bila kuziangusha zote.

Kina cha sanduku kiwe sentimita 60 hivi, ili henga ikae sawasawa na nguo zisisuguane na mlango. Upana nao una mpaka wake. Makabati mengi ya bei nafuu ni ya chembe za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, na ubao huo hupinda chini ya mzigo. Rafu ya unene wa milimita 18 isizidi sentimita 75 kwa upana, na ikiwa itabeba leso, mashuka au vitabu, 60 ni salama zaidi. Mkumbuke kwamba rafu ikirefushwa mara mbili, mzigo ule ule ukiwekwa katikati huipinda mara nane, wala si mara mbili.

Seremala wa mtaani naye aweza kuwatengenezea kabati hili, na pengine likadumu kuliko la dukani. Plaiwudi huuzwa kwa bao la futi 8 kwa 4. Bao hilo likipasuliwa katikati kwa urefu hutoa mbavu mbili zenye kina cha sentimita 60 karibu kamili, bila kupoteza mti. Mwambieni mambo mawili kabla hajashika msumeno: masanduku yote yawe na upana mmoja, na matundu ya rafu yatobolewe kwa kipimo kimoja katika masanduku yote. Masanduku yakitofautiana, rafu ya hili haitaingia katika lile, na faida yote ya vipande itakuwa imepotea.

Kwa wanandoa wapya masanduku mawili yatosha. Moja liwe na bomba moja la juu kwa nguo ndefu za wote wawili. La pili ligawanywe kwa rafu nne au tano. Fedha ya sanduku la tatu iwekwe. Mwenye kuujaza ukuta siku ya kwanza hununulia nyumba asiyoijua bado, na hiyo ni njia mojawapo ya kuingia katika israfu bila kuhisi.

Mtoto anapozaliwa

Nguo za mtoto mchanga ni fupi mno kutundikwa na ni ndogo mno kwa rafu yenye kina cha sentimita 60, kwa kuwa hupotea nyuma. Zafaa saraka mbili au tatu zisizo na kina kirefu, zikiwekwa kwenye kimo cha kiuno cha mama, ili asiiname kila mara katika siku zake arubaini.

Hapa tuna maonyo mawili, nasi twaomba yasomwe kwa makini.

La kwanza ni vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, vile vya naftalini. Katika sehemu zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwamo, wapo watoto wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wavulana ndio huathirika zaidi. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo au akifunikwa blanketi iliyolala na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zaweza kuvunjika kwa wingi, macho na ngozi vikawa manjano, na manjano kali kwa mtoto mchanga yaweza kudhuru ubongo. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana upungufu huo. Kwa hivyo njia iliyo salama ni kutoviweka kabisa vidonge hivyo katika kabati lenye nguo za mtoto. Nguo za kaka yake zilizohifadhiwa navyo zifuliwe na kuanikwa juani vyema kabla hajavishwa, na zikiendelea kunuka zisivaliwe. Mkiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au mtoto amepauka, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mmwambie daktari habari za vidonge hivyo. Wala kafuri si badala ya kuaminiwa, kwa sababu nayo ni sumu mtoto akiimeza.

La pili ni kabati kuanguka. Mtoto anayeanza kusimama huivuta saraka, akaifanya ngazi. Saraka mbili zikiwa wazi kwa pamoja, uzito wote huja mbele. Mwezi wa Juni 2016 kampuni ya IKEA iliyarudisha makabati ya saraka yapatayo milioni 29 nchini Marekani, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Tiba yake ni nyepesi: kila sanduku lifungwe ukutani kwa kipande cha chuma cha pembe, na skrubu iingie katika plagi iliyokaa imara ukutani. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hubomoka upesi, hivyo fundi atoboe kwa kina na ajaribu kwa kuvuta kabla hajaondoka. Vitu vizito viwekwe chini. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa aombe ruhusa kwa ajili ya jambo hili hili. Matundu mawili huzibika kwa saruji kidogo siku ya kuhama.

Watoto wanapokua

Mtoto akifika miaka mitano au sita aweza kuitundika sare yake mwenyewe, ikiwa bomba limeshushwa hadi afikie. Sanduku lenye kimo cha mita 2 lililokuwa na bomba moja la juu laweza kubeba mawili: la juu kwa nguo za wakubwa, na la chini, kwenye kimo cha sentimita 95 au mita 1, kwa nguo za mtoto. Kwa hatua hiyo moja nafasi ya kutundikia nguo fupi huongezeka maradufu bila kununua chochote ila bomba na vishikio vyake. Mwaka hadi mwaka bomba la chini lapandishwa kadiri mtoto anavyorefuka.

Dini yetu yatufunza kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka 10. Twaongeza kwamba wakati huo ndio wa kutenganisha na nguo pia. Binti anayekaribia kubaleghe ana vitu vyake ambavyo hapendi ndugu zake wavione, na saraka moja yenye ufunguo ni sitara kwake. Ikiwa kabati lenu ni la masanduku matatu, la tatu lifunguliwe kutoka kwa wenzake na kupelekwa chumba cha pili. Msifanye haya kwa haraka. Ubao wa chembe zilizoshindiliwa hauvumilii skrubu kuingia na kutoka mara nyingi, kwani tundu hulegea na halishiki tena. Rafu zihamisheni mpendavyo, kwa kuwa hukaa juu ya vijiti tu. Bali maungio ya sanduku lenyewe yafunguliwe kwa nadra, kwa bisibisi ya mkono wala si kwa mashine. Tieni kila kipande alama ya chaki, na skrubu zake zifungeni katika kitambaa pamoja nacho.

Mzee anapohamia

Sasa twafika pale tulipotaka kufika tangu mwanzo. Mavyaa, au mama mzazi, amekuja kukaa nasi. Amepewa kitanda kizuri, amepewa chandarua, na chakula chake hupikwa bila chumvi kama alivyoamriwa na daktari. Lakini nguo zake zi mkobani. Kila akitaka leso ya kuswalia, huinama, huuvuta mkoba kutoka chini ya kitanda, huufungua, huchambua, kisha huurudisha. Mwaka wapita. Mtu anayeishi kutoka mkobani hujihisi mgeni, na mgeni hufikiri daima juu ya safari. Huenda asiseme neno, kwa kuwa wazee wetu ni watu wa staha, wala hawapendi kuonekana wanadai.

Hapa ndipo kabati la vipande linapotoa faida yake kubwa. Mpeni sanduku zima, au nusu ya sanduku, na likae katika chumba anacholala. Rafu zake zote ziwe baina ya sentimita 60 na 140 kutoka sakafuni, yaani kutoka juu kidogo ya goti hadi kimo cha bega, ili asiiname kwa kizunguzungu wala asipande juu ya kiti. Rafu za chini na za juu kabisa wekeni blanketi na mapazia ya nyumba, vitu ambavyo yeye hatavitafuta. Bomba lishushwe ili mkono wake uitoe henga bila kunyooka sana. Ikiwa vidole vyake vina maumivu ya viungo, ondoeni vifundo vidogo vya mlango mkatie vishikio virefu. Ikiwa macho yake yamefifia, rafu nyeupe humwonyesha leso zake vizuri kuliko nyeusi.

Juu ya yote, mpeni ufunguo. Mama mzee ana vitu vyake: picha, barua, pete ya marehemu, sanda aliyojiwekea. Mkaza mwana asikasirike akiona mlango wa kabati umefungwa ndani ya nyumba yake. Aliyekuwa na nyumba nzima, leo ana sanduku moja. Hilo nalo likiwa wazi kwa kila mtu, hana alichobakisha. Na kazi ya kumhamisha kutoka mkobani ifanywe pamoja naye, yeye akiwa ameketi na kuelekeza kipi kiende wapi, wala isifanywe siku aliyokwenda kliniki ili arudi aone mshangao. Mshangao wa namna hiyo humfurahisha aliyeufanya kuliko aliyefanyiwa.

Mtu anapoondoka

Kabati hubadilika pia kwa kifo. Mume amefariki, na upande wake wa kabati umejaa kanzu, makoti na kofia. Jamaa wenye nia njema huja siku ya tatu, wakatoa kila kitu na kugawa kuwa sadaka, wakidhani wanampunguzia mjane huzuni.

Twaomba watu wasubiri. Nguo za marehemu, kama mali yake nyingine, ni mirathi. Huingia katika hesabu baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, kisha huwa za warithi wote. Sadaka yafaa ikiwa warithi waliobaleghe wameridhia, na fungu la mtoto yatima haliguswi kwa ukarimu wa wakubwa. Penye shaka aulizwe mwanachuoni, au jambo lipelekwe Mahakama ya Kadhi.

Kabati laweza kuisaidia subira hiyo. Nguo za marehemu zikusanywe katika sanduku moja na mlango wake ufungwe. Katika miezi 4 na siku 10 za eda mjane huyaweka kando mapambo na manukato yake, basi nguo zake za shughuli zaweza kulala humo humo. Eda ikiisha, na mirathi ikiwa imegawanywa, ataamua mwenyewe kipi akihifadhi na kipi akitoe. Sanduku lililobaki tupu laweza kwenda kwa mwana anayeoa, au kwa mpwa yule anayeishi kwa begi.

Unyevu wa pwani

Mafundi wa bara huligandamiza kabati ukutani. Kwetu haifai. Katika masika, hasa mwezi wa Mei, kuta hutoa jasho, na nyuma ya kabati hufanyika ukungu usioonekana mpaka uwe umeshaingia katika nguo. Acheni nafasi ya sentimita 5 baina ya kabati na ukuta, na kile chuma cha pembe kiwekewe kipande cha mbao nyuma yake kuijaza nafasi hiyo. Kabati lisimame juu ya miguu ya sentimita 10, ili hewa ipite, maji ya kudekia yasiunyonyeshe ubao, na njia ya mchwa ionekane mapema. Ncha za ubao zilizoachwa bila kufunikwa zizibwe kwa rangi au ukanda, kwani ubao wa chembe ukinywa maji huvimba na haurudi ulivyokuwa. Kila jua likiwaka baada ya mvua, fungueni milango yote kwa saa mbili. Na nguo zilizofukizwa udi ziachwe zipoe na kupumua kabla ya kurudishwa, maana zikifungiwa na joto la chetezo huingia na unyevu wake.

Mtauliza, ni wakati gani wa kulipanga upya? Nyumba nyingi zetu husafishwa mwezi wa Shaabani kuukaribisha Ramadhani. Siku moja katika siku hizo yatosha. Toeni kila kitu, hesabuni watu waliomo nyumbani mwaka huu, si waliokuwamo mwaka mliolinunua, kisha muulize kila mmoja, kuanzia mzee hadi mtoto: ni kitu gani unachokitafuta kila siku, na mkono wako wafika wapi? Majibu yao ndiyo yatakayowaambia rafu ipandishwe au ishushwe. Zitakazozidi, zilizo nzima na safi, zitolewe kabla ya Idi ili mwenye kuzihitaji azivae siku hiyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye wasaa, na nyoyo zenye wasaa zaidi, zisizomwacha yeyote aliyemo ndani akaishi kama mpita njia. Wabillahi tawfiq.